Mgongo wa Mama Ukaguzi

Jumatatu, tarehe tisa mwezi wa Juni, saa moja na dakika ishirini za asubuhi. Manyunyu yalikuwa yamekesha yakidondoka, na baridi ilikuwa ile ya kumfanya mtu amwonee wivu paka aliyelala jikoni. Barazani kwa Fundi Bati, mkewe alikuwa amekaa juu ya kigoda. Mtaa mzima ulimwita Msusi, hata jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Mbele yake, mkekani, aliketi mwalimu wa chekechea, kichwa kimebanwa katikati ya magoti. Upande mmoja wa kichwa hicho ulikuwa umekwisha, mistari imenyooka kama matuta ya mkulima asiye na haraka. Upande wa pili ulikuwa bado msitu.

"Fanya hima, dada," mwalimu alisema. "Kengele ikilia kabla sijafika, wale watoto watabomoa ukuta."

"Kichwa si gunia la mkaa, mwalimu, hata kishonwe kwa pupa."

"Basi shona taratibu kama sanda, nifukuzwe kazi nizikwe nimependeza."

Walicheka wote wawili. Kicheko hakijakauka midomoni, mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mama mzazi wa Fundi Bati. Yeye aliitwa Mama Ukaguzi, na jina hilo hakupewa kwa dhihaka. Umri wake wa kazi aliumaliza katika bweni la shule ya wasichana, akiwa msimamizi wa usafi. Kila Jumamosi aliwapanga wasichana mstarini akawakagua kucha, masikio na shuka. Na aliyekutwa na upele alitandikiwa peke yake mwisho wa ukumbi, mpaka apone. Alistaafu kazi, lakini hakustaafu ukaguzi.

Asubuhi hiyo alikuwa amemshika mjukuu wake kifundo cha mkono. Kidoti, mtoto wa miaka minne, ndiye aliyelala naye kitanda kimoja, na kwa siku kadhaa alikuwa akijikuna mpaka usingizini.

"Tazama vidole vya mtoto," Mama Ukaguzi alisema. "Tazama! Usaha huu umetoka wapi?"

Msusi aliinua macho. "Shikamoo, mama. Tuyazungumze ndani, nikimaliza."

"Ndani kuna nini? Mimi sikuzoea kukagua gizani. Lete mkono."

Hakungoja aletewe. Aliukamata mkono wa mkwewe, akaupindua, akavipanua vidole kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara elfu. Katikati ya vidole palikuwa na vipele vidogo, na pembeni mwake mstari mwembamba, kama uzi uliopitishwa chini ya ngozi. Msusi alikuwa ameviona tangu wiki iliyotangulia, akajidanganya kwamba ni mafuta mapya ya nywele yaliyomkataa.

"Haya! Mikono inayotambaa vichwani mwa mji mzima ndiyo hii. Ikitoka huko inamwogesha mjukuu wangu. Upele umeingia nyumba hii kwa mlango wa baraza, kwa mikono ya mke wa mwanangu. Mimi sijapata kulala na upele, wala hautanilalia!"

Ng'ambo ya njia, penye bomba la mtaa, wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walinyamaza. Ndoo ya mmoja wao ilijaa, ikafurika, na mwenyewe hakuinama kufunga koki.

Mwalimu wa chekechea aliinuka. Alijifunga kitambaa kichwani, upande uliosukwa na usiosukwa vikafichana chini yake. "Samahani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nashinda na watoto wa watu. Na Kidoti naye, naomba abaki nyumbani kwanza."

Alitoa pesa. Msusi alinyoosha mkono kuipokea, lakini mwalimu aliinama akaiweka juu ya kigoda, malipo ya kichwa kizima kwa kazi ya nusu kichwa, akaondoka bila kudai chenji. Msusi alikuwa mtu wa kuvumilia kupunjwa. Biashara ndogo humzoesha mtu hilo. Lakini kulipwa zaidi ya haki yake na mtu anayeogopa kumgusa, hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki, usiomezeka wala usiotemeka.

* * *

Tabibu wa zahanati alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo moja mara nyingi na ambaye hatachoka kulisema tena. Aliutazama mkono wa Msusi, akautazama wa Fundi Bati, kisha akampakata Kidoti na kumfunua tumbo.

"Ni upele," alisema. "Si damu chafu, wala si uchawi, wala si uchafu, kwa hiyo msitazamane kama watu walioibiana. Ni kijidudu. Kinachimba ndani ya ngozi na kutaga humo. Kinahama ngozi kwa ngozi, na zaidi kwa wanaolala pamoja."

Fundi Bati alikohoa. Alikuwa mtu wa kugonga mabati tangu asubuhi hadi jioni, akitengeneza majiko na karai, na kwa hiyo alizungumza kwa sauti kubwa hata mahali pa kunong'ona. "Sasa, daktari, katika sisi, nani kampa mwenzake?"

"Hilo kijidudu hakisemi, baba. Mtu anaweza kukaa nacho wiki kadhaa kabla hajajikuna hata mara moja. Tafuta dawa, usitafute mshitakiwa."

Msusi aliinamisha kichwa. Alitamani maneno hayo yangesemwa penye bomba.

Tabibu aliweka mezani chupa za losheni nyeupe kama maziwa. "Mnapaka toka shingoni hadi nyayoni. Katikati ya vidole, kwapani, chini ya matiti, kiunoni, makalioni, mgongoni. Pasirukwe hata pa kuweka kidole. Mnalala nayo, kesho mnaoga, mnachemsha shuka na nguo. Baada ya wiki mnarudia. Hii ya mtoto nimeipunguza makali. Msimpake ile yenu. Na hivi vidonda vyake vina usaha, kwa hiyo atameza na hii nyingine mpaka iishe. Kuwashwa kunaweza kubaki wiki mbili tatu hata kijidudu kikishakufa, msiingiwe na hofu mkaanza kujipaka kila siku. Lakini mkiona vipele vipya, rudini. Nyumbani mko wangapi?"

"Wanne," alisema Msusi, "pamoja na mama mkwe."

"Analala na nani?"

"Na huyu mtoto."

"Basi yeye ndiye wa kwanza kupakwa. Nyumba nzima, siku moja. Akibaki mmoja, wengine wote mmejipaka bure."

"Mama yangu ni mtu mzima," Fundi Bati alisema. "Hakuna kidonge tu, akameza yakaisha?"

"Kipo kidonge cha ugonjwa huu, lakini hapa stoo hatuna, na sitakudanganya kwamba kitafika kesho. Na nisikilize vizuri: si kile cha minyoo wanachopewa watoto shuleni. Kile kazi yake ni tumboni. Kijidudu cha ngozi hakina habari nacho."

Fundi Bati alitoa pesa aliyokuwa ameitenga kununulia mabati, akaihesabu mara mbili kana kwamba mara ya pili ingeongezeka, akalipa.

* * *

Jioni hiyo uani palikuwa na moto na mvuke. Shuka, foronya na nguo za watu wanne zilichemka katika pipa ambalo Fundi Bati alilitengeneza kwa mikono yake. Mama Ukaguzi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, shingo imenyooka, akitafuna kitu.

"Mama," mwanawe alisema, "dawa yako hii."

"Mimi nimekwisha kujitibu." Alimeza, akajipangusa midomo. "Dawa ya minyoo. Vidonge viwili, vya duka la dawa, na risiti ninayo. Safisha tumbo, damu itakuwa safi. Damu ikiwa safi, ngozi itanyamaza. Nyinyi vijana mnafukuza moshi na moto mmeuacha ndani."

"Tabibu amesema cha minyoo hakisaidii, mama."

"Tabibu huyo alipokuwa ananyonya, mimi nilikuwa natibu mabweni."

Msusi, aliyekuwa akikoroga nguo kwa mti, aliuliza bila kugeuka: "Na wale wasichana, mama, uliwatibu kwa dawa gani?"

"Kwa losheni. Kwa nini kingine?"

"Haya basi, mama."

"Wale walikuwa na upele! Mimi nina muwasho."

Fundi Bati alijifanya kukohoa ili asicheke. Kisha alichuchumaa mbele ya mama yake, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni, akaiweka chupa mapajani mwake. "Mama, nakuomba. Kwa ajili ya Kidoti."

Mama Ukaguzi aliitazama chupa kwa kitambo. "Sawa. Nitajipaka mwenyewe. Sijapooza."

Aliingia chumbani, akafunga kwa komeo. Alikawia. Alipotoka, alinuka losheni hata barazani, na mikono yake ilimetameta mpaka kwenye viwiko.

"Umesikia harufu?" Fundi Bati alimwambia mkewe baadaye, kwa ushindi. "Mama kapaka."

"Mgongoni kapakwa na nani?"

"Mke wangu, wataka nimchungulie mama yangu mzazi?"

Swali hilo halikuwa na jibu lililoweza kukaa pamoja na adabu, na Msusi alilelewa vema, akanyamaza. Heshima ni vazi jema, lakini vazi lisiloanikwa juani hufuga wadudu. Wiki iliyofuata walirudia dawa. Mama Ukaguzi alifunga komeo tena, akatoka akinuka tena. Usiku Kidoti alirudi kulala ubavuni mwake kama kawaida.

* * *

Wateja hawakutukana mtu. Waliacha kuja tu. Waliopita walisalimu kutoka ng'ambo ya njia, "Habari za huko?", mikono wameikunja kifuani kama watu wenye baridi, hata siku za jua. Mmoja aliyekuwa amelipa arubuni ya kusukwa kabla ya sherehe ya dadake alimtuma mtu aichukue. Msusi aliirudisha yote, kisha akashinda siku nzima akimshikia mumewe mabati ili asionekane amekaa bure. Usukaji ndio uliolipa kodi ya nyumba na ada ya chekechea. Majiko yalilipa chakula, na mwezi huo hata chakula kilikuwa cha kubahatisha. Mumewe hakumlaumu. Alisema tu, kila jioni, "Watasahau," na kila jioni neno hilo lilipungua uzito.

Mwishoni mwa mwezi, kigoda kikiwa kimeota vumbi, alikuja muuza mitumba wa sokoni, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na kufuli.

"Nisuke," alisema, akajitupa mkekani. "Mimi tangu niote meno navaa sweta za watu nisiowajua. Upele gani huo utakaonipata ambao bado hatujasalimiana?"

Msusi alihisi machozi yakimlengalenga. Alikwenda kunawa. Alinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akajifuta, akainua mikono kwenye mwanga ili ajiridhishe. Vidole vilikuwa vimepona, ngozi imekauka na kupauka tu. Lakini ndani ya kifundo cha mkono wa kushoto, mahali ambapo Kidoti hulaza shavu anapobebwa, palikuwa na vipele viwili vipya, na kando yake ule mstari mwembamba kama uzi.

Alisimama akiutazama. Barazani muuza mitumba alikuwa akifumua nywele huku akiimba ovyo. Unga ulikuwa umebaki wa mlo mmoja. Mwenye nyumba alikwisha kupita mara moja kuuliza hali, na mwenye nyumba haulizi hali kwa kuipenda. Mikono mirefu ya gauni ingeficha kifundo chote. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akitazama. Na hapo, pasipo na mtazamaji, ndipo utu wa mtu hupimwa.

Alitoka. "Siwezi kukusuka leo, dada yangu."

"Kwa nini? Bei imepanda na unga?"

Msusi alikunja mkono wa gauni, akamwonyesha. Muuza mitumba alitazama, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulipata kufuli.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema mwishowe.

"Mimi ningejua."

"Haya." Alijifunga kitambaa, akainuka kwa kishindo. "Ukipona niite mimi wa kwanza. Na bei iwe ya kunifariji, maana sasa nitashinda najikuna kwa mawazo tu."

Alipokwisha kutokomea, Msusi alikishusha ukutani kioo chake kikubwa, kile alichowaonyeshea wateja visogo vyao, akakipeleka kwa kinyozi wa njia panda, akakiuza. Kwa pesa hiyo alikwenda zahanati. Tabibu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu:

"Mgongo wa mama mkwe wako, nani aliupaka?"

* * *

Aliporudi ilikuwa adhuhuri. Fundi Bati alikuwa kazini, na Kidoti alikuwa amesinzia mkekani. Mlango wa chumba cha Mama Ukaguzi ulikuwa umerudishwa bila komeo, na ndani mlisikika mkwaruzo, kama wa panya kwenye dari. Msusi alibisha. Hakujibiwa. Akasukuma.

Mama Ukaguzi alikuwa amesimama ameupa mlango mgongo, gauni ameliteremsha hadi kiunoni, akijisugua kwenye ubao wa kabati huku mkono mmoja ukipapasa nyuma kwa mwiko. Mwiko haukufika. Mgongo wote, toka mabegani hadi kiunoni, ulikuwa vipele, makovu na magamba, na mahali pengine palikuwa pamechubuka damu.

"Toka!" Alijaribu kulivuta gauni, likamkwama. "Toka nje! Huna adabu?"

"Ninayo, mama. Lakini nimekwisha kuona."

"Hujaona kitu!"

"Nimeona, mama."

Mama Ukaguzi alikaa kitandani taratibu, gauni amelibana kifuani. Alipozungumza, sauti haikuwa ya mstarini.

"Bega hili halipandi. Tangu mvua za mwaka jana halipandi. Hata kitambaa cha kichwa, Kidoti ndiye anayenifungia, nami namwambia ni mchezo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Nimwite mwanangu wa kiume nimwambie, njoo umpake mama yako kiunoni? Au nikuite wewe? Mkwe anione nilivyo hivi, na kesho anipakulie chakula! Kwa jicho gani?"

"Kwa hili hili linalokupakulia leo."

"Kidonge hakimvui mtu nguo," mwanamke mzee alisema, kama anayejitetea mbele ya baraza la wazee. "Nilisema, labda kitafaa. Nilijua hakifai. Miaka yote ile, sikupata kumpa msichana kidonge cha minyoo kwa upele. Lakini nilisema labda."

"Na ulijua upele ni nini, ulipoushika mkono wangu siku ile."

Mama Ukaguzi alilivuta gauni juu kidogo.

"Ulikuwa unajikuna tayari?"

"Kabla yako," alisema. "Kabla ya mtoto."

Msusi alihisi hasira ikimpanda toka miguuni, hasira ya kigoda kilichoota vumbi na pesa iliyowekwa juu yake kama sadaka ya mwenye ukoma. Angeweza kusema mengi, na kila moja lingekuwa haki. Badala yake alifunga komeo. Alimimina maji katika karai, akanawa, akafungua chupa.

"Sasa?" Mama Ukaguzi aliuliza.

"Sasa mama, geuka."

Aligeuka. Losheni ilikuwa baridi, na ilipogusa palipochubuka, mwili wote wa mwanamke mzee ulishtuka. Msusi alianzia shingoni, akashuka mabegani, akapita chini ya mifupa ya mabega, akifuata kila kunjo la ngozi kwa ncha za vidole vilivyozoea kutafuta njia nyembamba kati ya nywele. Alipofika kiunoni alifumba macho, kwa adabu.

"Usifumbe macho," Mama Ukaguzi alisema, bila kugeuka. "Nimekujua. Ukifumba utaruka sehemu. Mkaguzi hafumbi macho."

Msusi aliyafumbua, akaendelea.

"Inachoma."

"Inachoma, mama. Vumilia."

"Wale wasichana walikuwa wakilia ikiwachoma. Nami nikiwaambia, acheni kujidekeza." Alitazama ukuta. "Nilikuwa nawasimamisha mstarini uchi, hamsini hamsini. Nilidhani aibu ni maradhi ya utotoni, kama surua. Mtu akiugua mara moja, basi."

Msusi hakumwambia kwamba yote yamekwisha, wala hakumfariji. Alimpaka mpaka nyayoni, akamvisha gauni safi, akaenda kumwamsha Kidoti. Jioni alimpaka mumewe, naye akampaka yeye, na Fundi Bati alipouliza kwa nini wanaanza upya, aliambiwa: "Kwa sababu mara hii tuko wanne."

* * *

Walirudia baada ya wiki, mlango umefungwa na wanawake wawili wako ndani. Kidoti alitandikiwa kitanda chake. Kuwashwa kulipungua, kukarudi, kukapungua tena kama tabibu alivyosema, na ilipofika katikati ya Agosti, tabibu aliwatazama mmoja mmoja, akamtazama na Mama Ukaguzi mgongo, akasema neno moja: "Safi." Mama Ukaguzi alilipokea kama cheti.

Usiku huo, baada ya chakula, alitoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka mbele ya Msusi. Ndani mlikuwa na noti, nyingine kuukuu mno, za akiba aliyoiweka kwa ajili ya maziko yake.

"Ya kioo," alisema. "Na ya wateja. Kama haitoshi, nitaongeza pensheni ikiingia."

Fundi Bati alishusha pumzi kwa furaha. "Umeona, mke wangu? Mama kamaliza."

Msusi hakulifungua fundo. Alilisukuma, taratibu, likarudi lilikotoka.

"Siipokei, mama."

"Kwa nini? Ni kidogo?"

"Si kidogo, ila si hii unayodaiwa. Hukuniibia pesa. Ulinitangaza. Ulinitangaza barazani, asubuhi, watu wakiwa bombani wanasikia. Kioo nitanunua mwenyewe. Jina silipati dukani."

"Mama Kidoti!" Fundi Bati alisema. "Huyo ni mama yako!"

"Ndiyo maana namwambia usoni, baba Kidoti. Mtu baki ningemsema pembeni."

Uso wa Mama Ukaguzi ulikakamaa. "Wataka nikupigie magoti?"

"Sitaki magoti, mama. Magoti ni ya mbele ya Mungu. Nataka neno, na lisemwe pale pale lilipoangukia."

Mwanamke mzee alilichukua fundo lake, akaingia chumbani, na komeo likasikika. Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa kama ya watu waliofiwa na mtu ambaye hawakubaliani jina lake. Mama Ukaguzi alikula akiwa amegeukia ukuta. Fundi Bati aligonga mabati kwa nguvu kuliko kazi ilivyohitaji, na mara mbili alimsihi mkewe alegeze. "Umri wake, mke wangu. Umefikiria umri wake?" Msusi alimjibu kwamba umri haukumzuia mama kuvuka mlango siku ile. Aliendelea kumpakulia mama mkwe chakula, kumpashia maji, kumfunga kitambaa cha kichwa kila asubuhi kwa kuwa bega halikupanda. Hilo hakulipunguza hata siku moja. Lakini deni hakulifuta.

Asubuhi ya Alhamisi, foleni ya bombani ikiwa imerefuka, Msusi alikuwa akifagia baraza. Mlango wa ndani ulifunguka. Mama Ukaguzi alipita bila kumtazama, akashuka ngazi, akasimama ukingoni mwa njia, mahali ambapo kila mwenye ndoo angemwona. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu wa chekechea.

"Nisikilizeni," alisema. Sauti ilikuwa ile ya bweni, iliyowahi kufika vitanda vya mwisho bila kipaza sauti. "Mwezi wa Juni nilisimama hapa nikasema upele umeingizwa katika nyumba hii na mikono ya mke wa mwanangu. Nilisema uongo. Upele nilikuwa nao mimi, mgongoni, kabla yake na kabla ya mtoto. Nimeupata wapi sijui, na tabibu anasema hakuna ajuaye. Lakini nilijua ninao. Niliuficha, nikaukataa, nikameza dawa ya minyoo ili nisivue nguo. Nyumba nzima ikaugua kwa ajili yangu, naye akapoteza kazi. Aliyenipaka dawa nikapona ni yeye. Nimemaliza."

Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Muuza mitumba, aliyekuwa wa tatu katika foleni, alifungua mdomo aseme jambo, akaghairi, akauinamisha uso kwenye ndoo yake. Mwalimu wa chekechea alikuwa amesukwa na mtu mwingine, na hilo lilionekana wazi. Alimtazama Msusi, akasema, "Nimesikia, dada," akajitwika maji, akaenda zake. Hakusema atakuja lini. Hakusema kwamba atakuja.

Mama Ukaguzi aligeuka akapanda ngazi, mkono mmoja ukutani. Alipomfikia mkwewe alisimama, shingo imenyooka kama siku zote.

"Unanidai tena?"

Msusi aliweka ufagio chini.

"Hapana, mama," alisema. "Umelipa."